Naomba ushauri: mwanangu mwenye sindromu ya Down ana wiki saba, ananyonya kwa shida na uzito haupandi

Mama Tumaini (Morogoro)

Habari zenu wapendwa. Nina mtoto wa kiume, mzaliwa wangu wa tatu, ambaye ametimiza wiki saba. Siku ya pili baada ya kujifungua daktari alituita mimi na baba yake akatueleza kwamba mtoto ana dalili za sindromu ya Down, na kipimo cha damu kilichopelekwa Dar es Salaam kikathibitisha baadaye. Hilo tumelipokea, wala silo lililonileta hapa. Lililonileta ni kunyonya.

Dada zake wawili walinyonya bila mimi kufundishwa na mtu, lakini huyu ni tofauti kabisa. Nikimweka kwenye titi anafungua mdomo kidogo, ulimi unabaki mbele, anavuta mara tano au sita kisha usingizi unamchukua. Maziwa yanamtoka pembeni mwa mdomo, na wakati wa kuvuta nasikia mlio wa kualika, kana kwamba titi linamponyoka kila mara. Nikimwamsha anaendelea kidogo na kulala tena, hata saa nzima inapita na titi bado limejaa. Hana kawaida ya kulia njaa. Nisipomwamsha anaweza kulala saa tano mfululizo, na majirani wananisifia kwamba nimepata mtoto mtulivu.

Alizaliwa na kilo 2.6, siku ya tano akawa na kilo 2.4, wiki ya tano kilo 2.95, na jana alipotimiza wiki saba alikuwa na kilo 3.05. Kliniki niliambiwa kwamba watoto wa aina hii hukua polepole, nisiwe na wasiwasi, nirudi mwezi ujao. Mama mkwe naye anasema maziwa yangu ni mepesi na kwamba nianze kumpa uji mwembamba. Naombeni ushauri wa aliyepitia haya: nitamnyonyesha vipi ashibe, na je, uzito huu ni wa kawaida kweli?

Mama Dori

Hongera kwa mtoto, dada. Naanza na neno hilo kwa sababu naamini waliokupa pole ni wengi kuliko waliokupa hongera.

Binti yangu ana Down na sasa yuko chekechea, lakini miezi yake ya mwanzo ilikuwa hivyo hivyo unavyoeleza. Nilikuja kuelewa kwamba misuli ya watoto wetu huzaliwa ikiwa legevu, na misuli hiyo legevu ni pamoja na ya midomo, mashavu, ulimi na taya, ambayo ndiyo inayofanya kazi yote ya kunyonya. Nafasi ya ndani ya mdomo nayo ni ndogo, kwa hiyo ulimi husogea mbele na midomo haifungi vizuri kuzunguka titi. Mlio unaousikia ni hewa inayoingia pale anapopoteza mshiko. Maziwa yako hayana kasoro yoyote.

Kilichotusaidia zaidi ni namna ya kushika titi na kidevu kwa mkono mmoja, mtindo ambao wataalamu wa unyonyeshaji huuita mshiko wa Dancer. Unabeba titi kwa vidole vitatu vya mwisho kutoka chini, kisha unasogeza kiganja mbele ili kidole gumba na cha shahada vibaki huru mbele ya chuchu. Kidevu cha mtoto kinakaa kwenye ule uwazi ulio kati ya vidole hivyo viwili, gumba likiwa shavu moja na cha shahada shavu la pili, na unayakandamiza mashavu kwa upole sana ili midomo ifunge. Taya likipata pa kuegemea, mtoto hachoki upesi. Mkao wa kumbeba kwapani, miguu yake ikielekea mgongoni kwako, unafaa kwa sababu mkono wako unakuwa chini ya mabega na shingo yake, na kichwa chake kinabaki juu kuliko kiwiliwili. Usimnyonyeshe akiwa amelala bapa, kwa maana watoto hawa hupaliwa upesi na maziwa hukimbilia kwenye masikio.

Akianza kusinzia, usimtoe. Libane titi kwa mkono, mbali kidogo na chuchu, ili maziwa yamiminike yenyewe. Utaona anaanza kumeza tena. Na usimsubiri alie. Mwamshe kila baada ya saa mbili au tatu, usiku na mchana, umvue nguo abaki na nepi na umweke kifuani kwako ngozi kwa ngozi kabla ya kumpa titi.

Kijana wa Kilosa

Dada, pole na hongera kwa pamoja. Huku kwetu mtoto akiwa hivyo, hanenepi na maziwa yanamtoka, wazee husema ni kimeo kirefu, na yuko fundi anayekikata kwa muda mfupi tu. Mpwa wangu alikatwa na sasa anakula vizuri. Pia sioni ubaya wa uji mwembamba sana ukichujwa.

Nesi Mstaafu

Kijana, najua umesema kwa nia njema, lakini naomba ushauri huo uishie hapa. Kimeo hakihusiki na kunyonya kwa mtoto huyu. Nimepokea wodini watoto waliokatwa kimeo wakiwa wametokwa na damu nyingi au wana maambukizi kooni, na mtoto mwenye kilo tatu hana damu ya kupoteza. Uji nao, hata ukichujwa mara kumi, ni maji mengi na nguvu kidogo. Unajaza tumbo dogo ambalo lingejazwa na maziwa ya mama, na kwa mtoto asiyemeza vizuri unaweza kuingia mapafuni. Hadi miezi sita ni maziwa ya mama pekee, na kama daktari ataona haja ya nyongeza, itakuwa maziwa maalumu ya watoto kwa kipimo atakachokitoa yeye.

Sasa Mama Tumaini, mwanangu, nimezipiga hesabu zile namba zako. Tangu siku ya tano hadi wiki ya tano ameongeza gramu 550 katika siku 30, yaani gramu 18 hivi kwa siku. Katika umri huu tunatarajia gramu 20 hadi 30, kwa hiyo hapo alikuwa chini kidogo, na kwa mtoto mwenye Down ningekubali kusubiri huku nikimfuatilia. Lakini katika wiki mbili za mwisho ameongeza gramu 100 tu, ambazo ni gramu saba kwa siku. Hapo ndipo ninapotofautiana na waliokuambia urudi mwezi ujao. Ni kweli kwamba watoto hawa hukua polepole, na zipo hata chati za ukuaji zilizotengenezwa kwa ajili yao, lakini mtoto aliyekuwa akipanda kisha akapunguza mwendo anatafutiwa sababu, awe na Down au asiwe nayo.

Karibu nusu ya watoto wenye sindromu ya Down huzaliwa na hitilafu ya moyo. Nyingine hazina dalili siku za mwanzo. Dalili huanza kati ya wiki ya nne na ya nane, kwa sababu shinikizo la damu katika mapafu hushuka taratibu baada ya kuzaliwa na ndipo damu nyingi kupita kiasi inapoanza kupita kwenye tundu lililo ndani ya moyo na kufurika mapafuni. Mwanao yuko ndani ya kipindi hicho hicho. Kwa hiyo naomba unijibu maswali machache. Akinyonya, anatoka jasho kwenye paji la uso au kisogoni? Midomo au ulimi hubadilika rangi? Akiwa amelala ametulia, mfunue tumbo uhesabu pumzi zake kwa dakika moja nzima kwa saa, usikadirie. Nepi zenye mkojo ni ngapi kwa siku, na choo kikoje? Na je, amewahi kupimwa moyo kwa mashine ya eko, ile inayoonyesha picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, na tezi ya thairoidi kwa damu?

Mama Tumaini

Asante sana, mama. Jasho lipo, hasa kisogoni. Nilidhani ni joto la Morogoro, hadi nikaona shuka inalowa hata asubuhi kukiwa na baridi. Rangi ya midomo sijaona ikibadilika. Nimehesabu pumzi mara mbili akiwa usingizini, nikapata 64 na 66, na chini ya mbavu panabonyea kidogo kila anapovuta hewa. Nepi zenye mkojo ni nne au tano. Choo anapata kila baada ya siku mbili na si kigumu. Eko hajapimwa, siku ya kuzaliwa daktari alisikiliza moyo akasema hasikii mlio wowote. Thairoidi sijawahi kuisikia ikitajwa.

Nesi Mstaafu

Mwanangu, usisubiri mwezi ujao wala kesho kutwa. Pumzi 60 au zaidi kwa dakika katika mtoto wa chini ya miezi miwili, na kifua kubonyea, ni dalili za hatari hata kama mtoto haonekani mgonjwa. Mpeleke hospitali ya mkoa leo, na ukifika mapokezi sema maneno haya kwa mpangilio huu: ana Down, anapumua mara 64 akiwa amelala, anatoka jasho akinyonya, na uzito umepunguza kasi. Kutosikika kwa mlio siku ya kuzaliwa hakuondoi hitilafu ya moyo. Omba wapime pia kiwango cha oksijeni na homoni ya TSH, kwa sababu thairoidi ikiwa chini humfanya mtoto alale mno, anyonye kivivu na asikue, na dawa yake ni kidonge cha kila siku.

Njiani uwe na maziwa uliyokamua. Mkalishe wima mapajani, kikombe kidogo kisafi kikae kwenye mdomo wa chini, ukiinamishe mpaka maziwa yaguse mdomo tu, naye atayaramba mwenyewe. Usimmiminie. Akikohoa au akihema sana, acha.

Baba Yusra

Shemeji, wengi wetu tunasoma bila kuandika, lakini hili lazima niandike. Yusra wetu alikuwa na tundu kubwa katikati ya moyo, lile linalokuwa kwenye kuta zinazotenganisha upande wa kulia na wa kushoto, katika vyumba vya juu na vya chini, huku vali, yaani milango ya moyo, zikiwa hazijatengana, na ndilo aina inayopatikana sana kwa watoto wenye Down. Alipewa dawa ya kupunguza maji mwilini ili mapafu yapumue, akaongezewa nguvu kwenye maziwa aliyokamua mama yake, na upasuaji ukafanywa katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam. Aina hii mara nyingi hufanyiwa upasuaji katika miezi sita ya kwanza, na madaktari wanataka mtoto aufikie akiwa na uzito wa kutosha, ndiyo maana kila gramu mnayoihangaikia sasa ina kazi.

Neno kwa baba Tumaini: kukamua maziwa kila baada ya saa tatu, kuosha na kuchemsha vikombe, kuandika kiasi alichokunywa mtoto, hizo si kazi za mama peke yake. Kikombe na daftari vilikuwa vyangu. Dada zake wawili nao wanahitaji kula na kuogeshwa.

Mama Tumaini

Nimechelewa kurudi, tulikuwa wodini. Mtoto alipewa oksijeni siku ya kwanza, tukapelekwa kwenye eko, na majibu ni yale yale aliyoyaeleza Baba Yusra: tundu katikati, vali moja badala ya mbili. Ameanza dawa ya kupunguza maji mwilini na anapumua vizuri kuliko alivyokuja. Thairoidi iko sawa. Wamesema irudiwe akiwa na miezi sita na tena akifikisha mwaka. Kwa sasa analishwa maziwa yangu kwa mrija wa puani kwa sababu kunyonya kunammalizia nguvu. Mama mkwe ameuona mrija akanyamaza, na jana ndiye aliyenishikia kikombe nikikamua.

Hofu yangu sasa ni moja: akizoea mrija, si atalisahau titi?

Mama Dori

Binti yangu alikaa na mrija na bado alikuja kunyonya. Muulize daktari kama anaruhusiwa kuwekwa kwenye titi dakika chache kila maziwa yanapopita kwenye mrija, hata kama ni kulamba tu, ili mdomo na tumbo vijifunze kwamba shibe inatoka hapo. Kwanza kamua kidogo titi lilegee, lisimmwagikie kwa nguvu. Na endelea kukamua mara nane kwa siku, mara moja iwe usiku wa manane. Usipokamua, maziwa yatapungua na mtoto akipata nguvu hatayakuta.

Nesi Mstaafu

Naongeza jambo moja la siku watakapoanza kupunguza maziwa ya mrija. Mwombe muuguzi ampime uzito mtoto kabla ya kunyonya na mara tu baada ya kunyonya, kwenye mizani ile ile ya kidijitali, akiwa na nguo zile zile na bila kubadilishwa nepi. Gramu zilizoongezeka ni karibu sawa na mililita alizokunywa. Mtoto wa kilo tatu anahitaji takriban mililita 450 kwa saa 24, isipokuwa daktari wa moyo awe amempangia kiasi kingine, kwa hiyo mtajua kila mara kilichobaki cha kumalizia kwa kikombe.