Ménière: kupunguza chumvi, betahistini au sindano ya sikio? Ulinganisho kwa tulio Kigoma

Mdau_Gungu
Wakuu, tulinganishe njia za kudhibiti Ménière, ugonjwa wa sikio la ndani unaoleta mashambulio ya kizunguzungu, kwa mgonjwa aliyepo Kigoma mjini. Ameshapimwa usikivu, sikio la kushoto limeshuka kwenye sauti nzito. Kipi kianze? Nyumbani wanatumia chumvi ya Uvinza, na wapo wanaosema haina nguvu kama ya dukani.

Famasia_Mwanga
Kwanza angalieni kizunguzungu kinadumu muda gani. Cha Ménière humshika mtu kuanzia dakika 20 hadi masaa 12, sikio linavuma na kujaa, usikivu unapanda na kushuka. Kizunguzungu cha sekunde chache ukijigeuza kitandani ni kitu kingine: chembe za chokaa zimehama sikioni, na tiba yake ni kugeuzwa kichwa kwa mpangilio maalumu.

Dawa ya betahistini kwa kawaida ni 16 mg mara 3 kwa siku, pamoja na chakula maana husumbua tumbo. Mwenye pumu au vidonda vya tumbo aseme kabla. Ila tuambiane ukweli: utafiti wa Ujerumani uliotoka 2016, wagonjwa 221 kwa miezi 9, haukuona tofauti kati yake na kidonge kisicho na dawa. Mashambulio yalipungua makundi yote. Msiuze mbuzi kwa dozi ya mwaka. Jaribuni miezi mitatu, kila shambulio liandikwe kwenye daftari, kisha muamue na daktari.

Jikoni_Ujiji
Chumvi ni chumvi, mkuu. Ya Uvinza na ya dukani zote karibu asilimia 40 ni sodiamu. Ushahidi wa kupunguza chumvi nao si imara, lakini gharama yake ni ndogo, ndiyo maana ningeanzia hapo. Wengi hulenga sodiamu 1,500 hadi 2,000 mg kwa siku. Gramu 5 za chumvi, kama kijiko cha chai kisichojaa sana, tayari ni 2,000.

Kinachowaangusha watu ni sodiamu isiyoitwa chumvi: magadi kwenye maharage, bekingi pauda, viungo vya pakiti vya mchuzi. Maharage yaloweke usiku kucha, mwaga maji, chemsha bila magadi. Mkaa utaenda zaidi kidogo. Dagaa waliokaushwa kwa jua tu hawana neno. Waliotiwa chumvi waloweke maji ya uvuguvugu nusu saa, mwaga, rudia. Ugali wetu hauna chumvi, hapo hakuna kazi.

Sufuria ipikwe bila chumvi. Mgonjwa apimiwe asubuhi nusu kijiko cha chai kwenye kikopo, ndiyo yake ya kutwa. Wengine waongeze mezani. Ndimu na tangawizi visaidie ladha. Na asijinyime wiki nzima halafu afidie kwenye harusi.

Masikio_Tabora
Sindano za sikio ziko mbili, msizichanganye. Deksamethasoni haiui seli za sikio. Jentamaisini huua seli za sikio zinazosawazisha mwili: mashambulio hukatika vizuri, lakini inaweza kuondoka na usikivu, na kama sikio la pili nalo linaumwa, ni hatari kubwa. Kwangu ni ya mwisho kabisa. Zote ni kazi ya daktari bingwa wa masikio, kwa hiyo anzieni hospitali ya Maweni kuulizia rufaa.

Famasia_Mwanga
Niongeze: proklorperazini na sinarizini, dawa za kutuliza kizunguzungu, ni za siku 2 au 3 za shambulio. Zikimezwa kila siku, ubongo unachelewa kuzoea kusawazisha mwili, na wazee huanza kutetemeka. Kwinini nayo huvumisha masikio, hivyo akiugua malaria amtajie mhudumu ugonjwa wake.

Mdau_Gungu
Asanteni sana. Kazi yake ni kukwea michikichi na kuangua mikungu.

Masikio_Tabora
Hiyo aiache sasa hivi, hata kama dawa inamfaa. Wengine huangushwa ghafla, fahamu zikiwepo, bila dalili ya kutangulia. Bodaboda na kuvua peke yake kwenye mtumbwi vivyo hivyo. Ahamie kwenye kukamua mafuta chini. Na siku kizunguzungu kikija na mdomo kupinda, ulimi mzito au mkono kulegea, hiyo si Ménière. Akimbizwe hospitali saa hiyo hiyo.