Yule mama wa kiduka cha hisani kaninusia kwapa mbele ya foleni nzima!!!

Mangi Mpole

Wakuu salaam. Mimi sio mtu wa kufungua nyuzi, huwa nasoma napita zangu. Ila leo mikono inatetemeka mpaka bodaboda kaniuliza kama nina malaria.

Kile kiduka cha hisani hapa Moshi mnakijua. Nguo na vyombo vya msaada, wanauza watu wa kujitolea, hela inaenda kwa watoto. Na ukikijua kiduka, mama unamjua. Miwani ya kamba. Pua. Sisemi zaidi, wa kuelewa ameelewa.

Nimetoka Pasua na shangazi kaja mbili zimefura mpaka konda kataka nauli ya watu watatu. Mke kasema kabati limekuwa kontena, punguza. Nikasema badala ya kuzipeleka soko la mitumba la Memorial nikapewa jero jero, ngoja nitoe sadaka. SADAKA, wakuu. Bure kabisa.

Nafika, nakuta foleni ya kina mama kama wanane. Mama kafungua begi. Katoa suruali, kaweka. Katoa mashuka, kaweka. Katoa jaketi langu la bluu la manyoya, nilipewa na mgeni niliyempandisha Marangu. Jaketi limefika Uhuru, kileleni Kilimanjaro, mara saba, mita 5,895, huyo mama hata gari likipanda Kibosho masikio yanaziba. Akaligeuza ndani nje. Akanyanyua mkono wa jaketi. Akazamisha pua kwapani.

AKANUSA.

Na sio kunusa kwa kupitia. Kafumba macho kabisa, kama mtu anayeonja mtori kuona kama chumvi imekolea. Foleni kimya. Kulikuwa na mtoto mgongoni analia tangu naingia, naye akanyamaza asubiri majibu. Halafu akalishika kwa vidole viwili: "Kaka, hili tutaliweka la deki."

La deki!

Hiki kiduka chenyewe kinafunguliwa siku mbili kwa wiki, na ukifika saa moja kabla hawajafunga wanakufagilia miguuni. Vitu vya maana haviningʼinii kwenye henga, vinaishia nyuma ya lile pazia la maua. Mwezi jana nimenunua pasi hapohapo elfu nane, inapata moto mpini tu. Nilikaa kimya, nikasema ni hisani. Lakini kuninusa? Mbele ya watu? Na macho kafumba?

Nikaona aibu nikatoka mbio, mabegi nikayaacha. Sasa na mabegi nadai.

Ndizi Nyama

Nimekaa siti ya mbele. Swali moja mkuu, lilikuwa linanuka au halinuki? Maelezo yote haya hujajibu.

Mangi Mpole

Lilifuliwa. Nimeliloweka usiku kucha na sabuni ya unga. Labda kamoshi ka jikoni kwa mbaaali. Sio hoja. Hoja ni kufumba macho.

Ndizi Nyama

Kwa hiyo lilikuwa linanuka.

Mpagazi Mstaafu

Jaketi la manyoya unaliloweka usiku kucha? Wewe umepandisha wageni wapi, Rau? Manyoya yakilowa hivyo yanashikana mabonge, joto kwisha habari. Hilo lilikuwa la deki toka kwenye beseni, mama kasoma tu matokeo. Halafu tuliobeba kilo 20 mgongoni tunajuana humu. Siku tano huogi, jaketi unalala nalo Horombo, unalala nalo Kibo, unashuka nalo. Mara saba! Huyo mama mpeni cheti, yuko hai.

Mama Wawili

😂😂😂 mtoto akanyamaza asubiri majibu

Dada wa Soweto

Mimi nimejitolea hapo miezi minne, ngoja niseme. Watu mnafikiri hisani ni dampo. Nimefungua mfuko nikakuta soksi. Sio jozi, soksi. Nimekuta koti zuri la mzee, mfukoni meno ya bandia. Nguo za ndani za mitumba TBS, wale wa viwango, walishazipiga marufuku zisiingie nchini, nyie mnatuletea za humuhumu, hazijavuka hata mto Karanga. Tunachambua, tunatenga, tunabandika bei, nauli hatupewi. Isiyouzika inakatwa vitambaa vya gereji. Tusiponusa sisi, atanusa mteja. Akinusa mteja, harudi.

Mangi Mpole

Dada ni wewe mwenye miwani?

Dada wa Soweto

Sivai miwani.

Mangi Mpole

Mwambie nataka mabegi yangu.

Damu ya Chuga

Moshi bwana, hata nguo ya bure mnaifanyia usaili. Njoo Arusha, soko la Kilombero pale hakuna wa kukunusa. Anakuita "anko", anakuvalisha shati juu ya shati lako, anakuambia umekuwa bosi. Ukilivua ukasema ngoja nizunguke, unatukanwa mpaka kituo cha daladala. Mimi nimetukanwa jumla na ukoo wangu kwa shati la elfu tatu. Lina kola upande mmoja.

Nyamachoma Njiro

Kilombero mnaonewa kwa sababu mnafika saa sita mchana. Belo likifunguliwa asubuhi, saa mbili kamera zote, zile nguo kali za daraja la kwanza, zimeondoka na wenye maduka. Mnaobaki mnagombania vya mia tano.

Kiatu Kimoja

Afadhali yenu nyote. Mimi nimenunua raba Memorial, nimefika nyumbani kushoto 42, kulia 41. Narudi kwa jamaa, ananiambia bila aibu, "Mzee, mguu mmoja huwa unavimba jioni." Na hakucheka.

Profesa wa Kijiweni

Tatizo mnalitazama kwa udogo. Mwaka 2016 viongozi wa Afrika Mashariki walikubaliana mitumba iondolewe polepole. Marekani wakatishia kututoa AGOA, ule mpango wao wa kuuza bidhaa za Afrika kwao bila ushuru, nchi zikalegea, akabaki Rwanda peke yake kakaza kodi. 2018 nguo zake zikasimamishwa kuingia huko bila ushuru. Kwa hiyo ndugu mleta mada, hilo jaketi lako tayari ni siasa za kimataifa.

Ndizi Nyama

Profesa, mwenzako kanuswa kwapa wewe uko AGOA.

Mama Wawili

Jamani nimepita hapo sasa hivi kununua sufuria. Jaketi la bluu la manyoya liko kwenye henga mbele kabisa. Elfu kumi na nane.

Mangi Mpole

ELFU KUMI NA NANE???? La deki???? Sasa alinusa nini?

Mpagazi Mstaafu

Alikuwa anapima bei.

Dada wa Soweto

Hela inaenda kwenye sare za shule. Na hatupunguzi, usije na porojo zako za "dada yangu".

Mama Wawili

Kuna kaka analijaribu, kaligeuza ndani nje.

Ndizi Nyama

ANANUSA?

Mama Wawili

Simu inazima chaji. Sufuria nimepata elfu nne ila mfuniko ni wa sufuria nyingine.

Damu ya Chuga

Mfuniko wa namba ngapi? Mke wangu anatafuta.

Babu Kihamba

Habari za leo. Samahani naona nimechelewa. Huyu mwenye raba ya 42 na 41, ni nyeusi ya mstari mweupe? Mimi nilinunua palepale Memorial wiki iliyopita, yangu kushoto 41, kulia 42. Nimekuwa nafikiri ni uzee.

Kiatu Kimoja

MZEE WANGU SHIKAMOO. Nyeusi, mstari mweupe, kisigino kimelika kidogo. Uko wapi?

Babu Kihamba

Marahaba. Niko Kiboriloni, kesho nashuka mjini asubuhi.

Mangi Mpole

Wakuu turudi kwenye mada. Alifumba macho. Na mabegi.

Kiatu Kimoja

Babu tukutane Mbuyuni saa tatu. Ya kushoto wewe univulie, ya kulia nakaa nayo.

Profesa wa Kijiweni

Hapana. Ukichukua ya kushoto ya babu unakuwa na 41 mbili. Wewe mguu wako namba ngapi?

Kiatu Kimoja

43.