Naomba ushauri: familia ya watu wanne, nyama Jumapili tu. Protini inatosha?

MamaWaPugu
Wadau, habari zenu. Nyumbani tuko wanne: mume wangu (kilo 72, kibarua wa ujenzi), mimi (kilo 60), mama mkwe (miaka 67, kilo 58, ana presha) na mtoto wa miaka minne. Asubuhi ni chai ya rangi na maandazi, mchana ugali au wali kwa maharage, usiku ugali kwa mchicha, mara mojamoja dagaa. Nyama ni Jumapili. Bajeti ya kitoweo ni shilingi 6,000 kwa siku. Kila mmoja anahitaji protini kiasi gani, tunapungukiwa wapi, na tuongeze nini? Naomba vipimo tafadhali, maana "kula mlo kamili" nimeshaisikia sana.

Lishe kwa Mizani
Dada, anza na uzito wa mtu. Kiwango cha WHO na FAO (mashirika ya Umoja wa Mataifa ya afya na chakula) kwa mtu mzima mwenye afya ni gramu 0.83 za protini kwa kila kilo ya mwili. Nyinyi sehemu kubwa mnaipata kwenye nafaka na kunde, ambazo tumbo halizimeng'enyi kikamilifu kama yai au samaki, kwa hiyo piga gramu 1 kwa kilo: mumeo 72, wewe 60. Wazee hupoteza misuli haraka, hivyo mama mkwe anahitaji 58 hadi 70. Mtoto, 15 hadi 20.

Mchana wenu ni mzuri kuliko unavyodhani. Gramu 150 za unga wa mahindi zina protini kama 12, na gramu 70 za maharage makavu zina 15. Tena vinakamilishana: mahindi yana upungufu wa laisini (moja ya vijenzi vya protini), maharage yamejaa laisini.

Tatizo ni asubuhi na usiku. Chai ya rangi haina kitu, na mchicha uliopikwa, gramu 100, una protini 2 au 3 tu. Mchicha ni wa vitamini na madini, usiuhesabu kama kitoweo cha protini. Nazi nayo ni mafuta.

Lingine ni upakuaji. Maharage yakiwa na maji mengi, anayepakuliwa mwisho anapata mchuzi na punje tano. Protini imo kwenye punje. Pima makavu kabla ya kupika: kikombe cha mililita 250 kinabeba kama gramu 190. Nyinyi wanne mnahitaji kikombe kimoja na nusu kwa mlo mmoja.

Siku yako wewe ikae hivi. Asubuhi chai yenye nusu kikombe cha maziwa (protini gramu 4), vipande viwili vya mkate (5), yai moja (6). Mchana ugali maharage kwa vipimo nilivyotaja hapo juu (27). Usiku wali wa gramu 100 za mchele (7), dagaa wakavu gramu 20 (11), mchicha (2). Jumla 62, na hakuna nyama hapo. Mumeo aongezewe yai la pili na ugali wa kutosha. Kibarua asiposhiba wanga, mwili wake huchoma protini kupata nguvu, na sehemu ya uliyompimia inapotea.

Jiko la Mkaa
Kwenye maharage wengi wanaharibu hatua mbili.

Ya kwanza ni kuloweka. Loweka saa 8 hadi 12, mwaga maji yale, suuza, weka mapya. Hapo unapunguza sukari zinazoleta gesi na unaokoa mkaa. Kisha yachemke kwa nguvu, yaani yatokote hasa, angalau dakika 10 kabla ya kupunguza moto. Maharage mekundu yana sumu ya asili inayoleta kutapika na kuharisha, na moto mdogo tangu mwanzo hauiui. Anayetumia jiko la umeme la kupika polepole ayachemshe kwanza kwenye sufuria.

Ya pili ni magadi. Yanalainisha kweli, lakini yanaharibu vitamini B1 na kuongeza sodiamu, na wewe una mgonjwa wa presha. Maharage yakigoma kuiva, mara nyingi ni ya zamani au yamehifadhiwa kwenye joto na unyevu. Badilisha muuzaji. Nyanya na ndimu weka mwishoni kabisa, kwa sababu uchachu hufanya ganda libaki gumu.

Ukibanwa na muda, pika choroko. Protini ni kama ya maharage na huiva upesi hata bila kulowekwa.

BintiSengerema
Kuhusu dagaa. Wakavu wana protini gramu 50 hadi 60 kwa kila 100, sababu maji yametoka. Usilinganishe na dagaa wabichi, ambao wana kama 18. Kwa kuwa unawala na mifupa, unapata kalsiamu pia.

Kununua: chagua wanaong'aa rangi ya fedha, wakavu kiasi cha kuvunjika. Wa njano na wenye harufu kali mafuta yake yameharibika, na wenye unyevu wataota ukungu kabla hujawamaliza. Waliokaushwa kwenye chanja ni bora kuliko wa mchangani. Mchanga unaongeza uzito unaoulipia, na kuosha mara nne hakuumalizi. Toa vichwa kama uchungu unawasumbua, osha kwa maji ya vuguvugu, wakaushe, kisha kaanga au unga. Usiwaloweke muda mrefu na kumwaga maji, ila kama wametiwa chumvi.

MamaWaPugu
Asanteni sana. Mayai kila siku kwa wanne si yatakula bajeti yote? Na supu ya mifupa tunayomnunulia mama mkwe haimsaidii?

HesabuZaSokoni
Dada, usilinganishe bei ya kilo, linganisha bei ya gramu ya protini. Gawa bei kwa gramu zilizomo. Kwa mfano, kilo ya maharage ikiwa 3,000 ina protini 220: kama shilingi 14 kwa gramu. Kilo ya dagaa wakavu ikiwa 12,000 ina 550: shilingi 22. Yai la 300 lina 6: shilingi 50. Kilo ya nyama kwa 12,000, ikiwa mchanganyiko wenye robo ya mifupa, inabaki na kama 150: shilingi 80. Weka bei za gengeni kwako.

Kwa hesabu hizo mzigo wa siku ubebwe na maharage na dagaa, yai liende kwa mtoto na mama mkwe kwanza, na mumeo siku zinazoruhusu. Asubuhi nyinyi wawili mnaweza kutumia karanga: gramu 30, yaani kiganja kimoja, zina protini 7 au 8. Zina mafuta mengi, hivyo kiganja kimoja kinatosha.

Unga wa protini wa mazoezi achana nao. Kijiko chake kimoja kikubwa ni sawa na mayai manne, nawe mayai unayo sokoni.

Nesi wa Zamu
Supu ya mifupa ina protini kidogo, na iliyomo ni jelatini, isiyo na triptofani kabisa (kijenzi cha protini ambacho mwili lazima ukipate kwenye chakula). Kama kuna nyama kwenye mfupa, ale nyama. Kama ni maji na mafuta, pesa hiyo inunue mtindi: glasi ya mililita 250 ina 8, na hauhitaji meno. Choroko zilizopondwa pia zinamfaa.

Wazee hutumia protini vizuri wakiigawa. Apate 20 hadi 25 kila mlo badala ya kurundika yote usiku.

Ila kabla ya kumwongezea, aende hospitali apimwe kreatinini, kipimo cha damu kinachoonyesha hali ya figo. Presha ya muda mrefu huharibu figo kimyakimya, na mwenye figo dhaifu mara nyingi hupunguziwa protini. Kiwango chake apange daktari. Dagaa wa chumvi asile.

MamaWaPugu
Nitampeleka wiki hii. La mwisho: mtoto anakunywa uji wa lishe wenye nafaka sita na karanga, mbona haongezeki?

Lishe kwa Mizani
Wingi wa nafaka hauongezi kitu. Mahindi, mchele, ulezi na mtama vyote vina protini chini ya 12 kwa gramu 100. Tumia nafaka moja au mbili, vikombe vitatu, na kikombe kimoja cha soya. Soya mbichi huzuia umeng'enyaji wa protini, kwa hiyo ichemshe dakika 30, ianike ikauke kabisa, ndipo isagwe.

Karanga usizisage pamoja na unga wa mwezi mzima. Mafuta yake huharibika, unga ukawa mchungu. Zisage kidogokidogo, utie kijiko kimoja cha chakula kwenye bakuli lake, sawa na protini 4. Zilizosinyaa, nyeusi au zenye ukungu zitupe, usizikaange, kwa sababu moto wa jikoni hauondoi sumukuvu. Karanga nzima asipewe, zinaweza kumpalia.

Na uji uwe mzito, udondoke polepole kwenye kijiko. Ule mwepesi wa kunywa kwa kikombe unamjaza maji, tumbo linajaa kabla hajala. Gramu 40 za unga huo kwa bakuli zinampa 6, kijiko cha karanga 4, na yai mchana 6. Hapo kakaribia kipimo chake kabla hajagusa maharage. Hata hivyo, mpeleke kliniki apimwe uzito na urefu. Akiwa na minyoo au kuharisha kwa mara kwa mara, bakuli pekee halitatosha.