Naomba ushauri: bustani na nyasi kabla ya baridi ya Minnesota

Habari zenu wadau. Niko Minneapolis, tumehamia nyumba yenye uwanja mwaka huu, na sasa ni katikati ya Oktoba. Jalidi ya kwanza imeshapita. Nyanya zote zimekufa usiku mmoja, majani yamelegea na kuwa meusi kama yaliyochemshwa, lakini sukuma wiki bado imesimama, tena imezidi utamu.

Kinachoniumiza kichwa ni nyasi. Majani ya mti mkubwa wa mbele yamezifunika zote. Jirani mmoja anasema niyasage kwa mashine ya kukatia nyasi yabaki palepale yawe mbolea. Mwingine anasema niyazoe yote, theluji ikiyalalia yataozesha nyasi. Ninyi mnafanyaje? Na mkato wa mwisho, inchi 3 zinatosha au nishushe?

Bomba la nje nimeshalifunga na kulitoa maji. Vitunguu saumu nataka kuvipanda kabla ardhi haijaganda, tuta liko tayari na mboji nimeweka. Nifunike kwa majani makavu ya unene gani?

Na kuna yeyote aliyefanikiwa kuvusha sukuma hadi Aprili huku?