Mwandishi wa teknolojia ananibana, naombeni ushauri kabla ya Ijumaa

Mtoto wa Forest (mleta mada)
Habari zenu wakuu. Mimi ni afisa uhusiano kwenye kampuni moja ndogo hapa Mbeya, tuna programu ya simu inayowaunganisha wakulima wa parachichi na viazi na wanunuzi, mawakala wetu wapo Rungwe, Njombe mpaka Mufindi. Nina miezi nane kazini, kabla ya hapo nilikuwa redioni kwenye kipindi cha salamu, kwa hiyo waandishi wa kawaida nawajua nje ndani, shida yangu ni hawa wa teknolojia. Kuna dada mmoja yupo Dar, tulipozindua Nanenane pale John Mwakangale nilimtumia presi rilisi safi kabisa, hakuandika hata mstari. Sasa wiki hii ghafla ananitafuta kila saa na maswali ya ajabu ajabu, mara data mnaziweka wapi, mara nani ana paswedi. Naona kama katumwa. Hawa watu mnaishije nao? Na ni sawa nikimwambia anitumie stori niisome kwanza kabla haijatoka? Bosi kasema mpaka Ijumaa niwe nimemtuliza. Silali wakuu.

Kitonga Juu
Ngoja waje wajuvi. Nimekaa pale kwenye kona ya tatu.

Mwaisa Mafiati
Ndaga mkuu. Kwanza shukuru Mungu una ajira, wengine tuna digrii ya hiyo hiyo PR na tunakaanga chipsi Kabwe. Halafu hizi app za wakulima mimi siziamini hata kidogo, mjomba wangu Kiwira alipigiwa simu na mtu wa app akaambiwa achume mzigo wote gari linakuja, kachuma, gari halikuja, parachichi zikaivia sebuleni tukala wiki mbili mpaka mbwa akawa anakataa. Kwa hiyo huyo dada abane tu.

Bi Dawati
Kamwene. Nimekaa dawati la teknolojia miaka sita kabla sijarudi Iringa kufuga kuku, ngoja nikujibu ulichouliza. Kusoma stori kabla haijatoka, usiombe. Unachoweza kuomba ni akusomee nukuu zako na maelezo ya kiufundi uone kama hajachanganya, wengine wanakubali vizuri tu.

Na hiyo presi rilisi yako safi nadhani naijua bila kuiona. Aya ya kwanza "mapinduzi ya kidijitali", ya pili mkurugenzi "amefurahishwa", ya tatu wakulima elfu kadhaa "wamefikiwa". Wamefikiwa ndo nini? Wamejisajili, au wanaingia kila wiki, au wamewahi kuuza hata kreti moja? Mwandishi wa teknolojia akiona namba haina maelezo anaifuta, siyo kwamba anakuchukia. Na wengi mnatuma PDF iliyoskaniwa yenye muhuri, mtu hawezi hata kunakili sentensi! Ungemwambia "dada hii hapa app, hii akaunti ya kujaribia, huyu hapa aliyeiandika muulize chochote" angekujibu siku hiyo hiyo. Hao watu wanataka kushika kitu wenyewe na kuongea na fundi, wewe kazi yako ni kufungua mlango halafu unakaa pembeni.

Ila swali la nani ana paswedi halianguki kutoka mbinguni. Kakuonyesha nini huyo dada?

Mtoto wa Forest
Asante mama nimekuelewa sana. Kuhusu hilo ni kitu kidogo tu ambacho mafundi wameshakimaliza. Nilikuwa naomba zaidi mbinu za kujenga mahusiano.

Fundi Soweto
Kitu kidogo gani? Sisi ndo wale mafundi wa "wameshakimaliza", nyoosha maelezo.

Mchungaji Mstaafu
Kijana, kweli itakuweka huru. Vijana wa siku hizi mnapenda njia za mkato.

Mtoto wa Forest
Sawa. Mawakala wetu walikuwa wanajaza wakulima kwenye jedwali la mtandaoni kabla app haijakamilika. Lile jedwali likawa wazi, mtu mwenye linki anaona yote, majina, namba za simu, NIDA na vitu vingine vya shamba. Huyo dada kapata linki, katuma skrinishoti. Tumefunga siku hiyo hiyo. Lakini jamani hakuna ushahidi kwamba kuna mtu mbaya kaiona, na hakuna kampuni isiyo na makosa.

Fundi Soweto
"Hakuna ushahidi" maana yake mlikagua nani aliingia, au hamjakagua? Hayo ni mambo mawili tofauti na huyo dada atakuuliza. Halafu kufunga jedwali hakufuti nakala zilizopakuliwa. Uber walichukuliwa data za watu milioni 57 mwaka 2016, wakawalipa wadukuzi dola 100,000 wanyamaze, ikaja kujulikana Novemba 2017. Mkuu wao wa usalama alikutwa na hatia mahakamani 2022, na kilichompeleka kizimbani ni kuficha. Na siku hizi hata hapa kwetu kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kutumika Mei 2023, ina Tume yake. Mmeijulisha Tume?

Mtoto wa Forest
Hilo ni la bosi na mwanasheria. Mimi nauliza la mwandishi.

Shemeji Mwanjelwa
Chuo tulifundishwa habari ya Ivy Lee, Mmarekani aliyekuwa mtu wa uhusiano wa kampuni ya reli. Treni ya Pennsylvania Railroad ilitumbukia majini Atlantic City mwaka 1906 watu zaidi ya 50 wakafa, kampuni ilizoea kuficha ajali, yeye akasema hapana, waiteni waandishi waje wenyewe waone na wapeni maelezo ya maandishi. Ndo watu wanasema presi rilisi ya kwanza ilizaliwa hapo. Kwenye mtihani nilikosa hilo swali nikaandika 1916, mwalimu hakunipa hata nusu, mpaka leo linaniuma.

Bi Dawati
Mleta mada, huyo dada alipotuma skrinishoti ulimjibu nini? Andika neno kwa neno.

Mtoto wa Forest
Nilimjibu "mfumo wetu ni salama na hakuna taarifa ya mkulima iliyovuja". Bosi alikuwa amesimama nyuma yangu.

Na nikamtumia elfu 50 kwenye simu ya vocha na bando. Akairudisha na akaongezea ya kutolea, halafu akaniuliza kama anaweza kuandika kwamba nimemtumia. Sasa mimi sioni kosa langu liko wapi, mnajua kabisa waandishi wa mikoani ukiwaita kwenye mkutano usipotoa nauli hawaji tena, kijana wa watu analipwa kwa stori anatoka Chunya na bodaboda, unataka arudi kwa miguu? Ni utu tu.

Na kuna rafiki yangu wa zamani redioni nimeshampa stori peke yake, kwamba tumeboresha usalama wa mfumo. Itatoka Alhamisi. Nilidhani ikitangulia ya kwetu ya huyo dada itapoa.

Kitonga Juu
Nimetoka kwenye kona nimekuja kukaa siti ya mbele.

Bi Dawati
Nauli ya mtu uliyemwita nimeichukua mimi mwenyewe ujanani, sikatai. Ila elfu 50 baada ya swali si nauli. Lakini kosa kubwa hata siyo hiyo hela, ni hiyo ya Alhamisi. Mtu kakuletea swali lake, jasho lake, wewe unalibeba unampelekea mwingine? Hatakusahau, na atawaambia wenzake, maana wanaoandika teknolojia nchi hii wanajuana wote. Na huyo rafiki yako umemwambia kuhusu jedwali? Hujamwambia. Kwa hiyo umewachoma wawili.

Mpigie rafiki leo asimamishe. Mpigie dada mwambie jibu la kwanza halikuwa sahihi, idadi ya wakulima waliokuwemo ni hii, jedwali lilikuwa wazi kuanzia tarehe hii mpaka hii, fundi huyu hapa. Usichokijua sema unakifuatilia na utampa saa ngapi, halafu saa hiyo ifike ukiwa umempa. Na usianze kuropoka halafu mwishoni useme "hii usiandike", hilo linakubaliwa kabla hujafungua mdomo.

Mtoto wa Forest
Nikisimamisha ya Alhamisi bosi atajua nimewaambia watu. Na ikitoka anavyotaka huyo dada mawakala 30 wanakosa kazi, hilo hamlioni. Mimi nadhani itoke tu, ila niongezee sentensi ya kuomba radhi kwa "usumbufu wowote".

Shemeji Mwanjelwa
Usumbufu wowote 😂😂

Kamba Hazivutwi
Nyie mnapoteza muda, hii ni chai, tena haijapita hata kiwandani Tukuyu. Angalieni: kasema ana miezi nane kazini, leo tuko Juni, kwa hiyo kaanza Oktoba. Nanenane ni Agosti. Alizindua kabla hajaajiriwa? Akaunti imefunguliwa juzi. Mimi nahisi huyu ndiye huyo dada mwenyewe, kaja kuvua samaki, anataka mfanyakazi wa kweli ajitokeze athibitishe.

Mwaisa Mafiati
Eti eee! Na mimi nimeshamwaga habari za mjomba.

Mtoto wa Forest
Nanenane nilikuwa kibarua wa bandani nagawa vipeperushi na kutuma barua pepe, mkataba ukaja Oktoba. Na ningefungua lini akaunti, kabla sijapata tatizo? Msiponiamini basi.

Kamba Hazivutwi
Bandani mlikuwa upande gani?

Mzee wa Hass
Samahanini vijana, mimi huwa nasoma tu siandiki. Nipo huku Rungwe. Mwaka jana wakala alikuja ofisi ya kijiji akatusajili, akachukua NIDA na namba ya simu. Zile meseji za "ile hela tuma kwenye namba hii" tumeshazizoea tunazifuta. Lakini wiki iliyopita kanipigia mtu, kanitaja majina yangu yote matatu na kasema mzee una miche 64, kuna mnunuzi anataka wote, tuma elfu 20 ya usajili. Hiyo 64 hata mke wangu haijui, anajua 50. Nilimtajia wakala peke yake.

Fundi Soweto
Mleta mada, "vitu vingine vya shamba" ni vitu gani?

Kamba Hazivutwi
Naondoa neno langu. Jibu, miche ipo kwenye hilo jedwali au haipo?

Mtoto wa Forest
Mzee shikamoo. Naomba uje PM tuongee vizuri.

Mzee wa Hass
Marahaba. PM ndo wapi? Mimi nipo hapa hapa, jibu hapa hapa.