Mbao za vifuniko vya chupa: matundu ndani, zinapinda, skrubu zinazipasua. Tatizo liko wapi?

ubao_mpya
Wakuu, heshima kwenu. Tunaanzisha kampuni ndogo ya kutengeneza mbao kwa vifuniko vya chupa na madebe ya sabuni yaliyotupwa. Tunasaga hadi chenga za milimita 8, tunaosha, tunaanika juani siku moja, kisha tunabana kwenye kalibu kati ya sahani mbili za chuma zenye hita, nyuzi 200. Ubao ni sentimita 60 kwa 60, unene milimita 10. Kwa nje unang'aa, lakini ukipitisha msumeno unakuta matundu. Ukitoka kwenye kalibu unapinda, na baadhi hupasuka ukifunga skrubu. Aliyetuuzia mashine anasema tuongeze joto. Ni kweli?

fundi_kalibu
Joto msiliguse kwanza. Kateni ubao mmoja katikati mtazame matundu yenyewe, maana hayafanani. Yakiwa madogo kama punje za ulezi na yametapakaa kote, hayo ni maji au gesi. Yakiwa machache, makubwa, yenye kuta laini, yamekaa katikati ya unene, huko ni kusinyaa. Na ukiona mipaka ya chenga bado inasomeka, kiini hakijaiva.

Nadhani yenu ni ya kusinyaa. HDPE, plastiki ya madebe yenu na vifuniko vingi, ikiwa uji wa moto ina uzito wa takriban gramu 0.76 kwa sentimita ya ujazo. Ikishaganda ni karibu 0.95. Maana yake sehemu kama moja ya tano ya ujazo inapotea wakati wa kupoa. Ngozi ya nje huganda kwanza, kiini kinavuta kwenda ndani, pango linabaki. Kwa hiyo kubana hakuishii pale mnapozima hita. Jeki ikilegea pigeni tena, na tena, mpaka ubao ushuke chini ya nyuzi 60.

Angalieni pia fremu. Kama sahani ya juu inakaa JUU ya fremu ya milimita 10, jeki inabana chuma kwa chuma na plastiki ndani haisikii kitu. Sahani iingie ndani ya fremu kama pistoni, na malighafi ipimwe kwa mizani: 60 × 60 × 1 ni sentimita za ujazo 3,600, mara 0.95 ni kilo 3.42. Wekeni kilo 3.6, kwa kuwa kidogo huvuja pembeni. Mkijaza kwa ndoo na macho, kuna siku mtaweka kilo 3.2, na hapo hakuna jeki itakayowaokoa.

Kupinda ni upande mmoja kupoa haraka kuliko mwingine. Ukiutoa ungali moto ukaulaza sakafuni, chini kunapoa kwa kasi ya saruji na juu kwa kasi ya hewa. Upoe ukiwa umebanwa, sahani zote mbili zipoe pamoja.

Kuhusu joto: HDPE huyeyuka karibu na nyuzi 130, kwa hiyo 200 zinatosha. Kinachopungua huwa ni muda, kwa sababu plastiki hupitisha joto polepole mno. Toeni sadaka ubao mmoja: fukieni waya wa thamokapo (kipimajoto cha waya) katikati ya chenga, mhesabu dakika hadi usome 175. Huo ndio muda wenu kwa unene huo. Mkipandisha sahani hadi 260 ili kuharakisha, ngozi itaungua kabla kiini hakijalainika.

maabara_ndogo
Yote sawa, ila ubao kupasuka kwenye skrubu huenda hakutokani na kalibu. Huenda ni mchanganyiko wa plastiki. Vifuniko vya vinywaji vingi ni HDPE, lakini vingine ni PP (polipropilini, plastiki ya aina nyingine), na hizo mbili hazishikani zikiyeyuka pamoja. Zinabaki tabaka kwa tabaka na ubao unapasukia hapo. Maji hayawatenganishii, kwani zote huelea. Changanyeni spiriti safi na maji nusu kwa nusu kwa ujazo, mbali na moto: mnapata kimiminika chenye uzito wa takriban gramu 0.93 kwa sentimita ya ujazo. HDPE itazama, PP itaelea. Tikiseni kwanza, kwa kuwa kipovu kimoja cha hewa kikishika chenga hukudanganya.

Kinachozama kwenye maji matupu kitupeni nje ya mkondo huu: PET (ya chupa za maji na soda), PVC (ya mabomba), polistirini. PVC ndiyo mbaya zaidi, ikipata joto hutoa asidi inayokwaruza koo na kula chuma cha kalibu.

ubao_mpya
Asanteni. Sahani yetu kweli inakalia fremu! Lakini tani nzima tutaipitishaje kwenye spiriti?

maabara_ndogo
Hapana, hiyo ni ya sampuli. Chenga 100 kutoka kila gunia, mhesabu zilizoelea. Kutenganisha kwenyewe kunafanyika kabla ya kusaga, kwa mkono na kwa aina ya kitu: vifuniko peke yake, madebe peke yake. Kikishakuwa chenga mmechelewa. Na vifuniko vyenye kipande laini cha kuziba ndani, kitoeni kipande hicho, au viwekeni kando.

mizani_kwanza
Niongeze la hesabu, maana kampuni nyingi za namna hii huponzwa na mizani ya mlangoni kuliko mashine. Mkinunua kwa uzito wa gunia mnalipia maji, mchanga na lebo. Chukueni kilo 1, osheni, kausheni hadi uzito usibadilike, pimeni tena. Ikibaki gramu 820, basi kwa kila kilo 100 za ubao mnahitaji kununua karibu 122, bado hamjagusa vumbi la msumeno (hilo likusanyeni lirudi kalibuni, lisiende mtaroni). Bei ya kununua ipangwe hapo.

Halafu, kabla ya kusaga debe zima lenye kifuniko chake, jiulizeni kama halina mnunuzi likiwa debe. Kuosha na kukagua nyufa ni gharama ndogo kuliko kusaga, kuyeyusha na kubana. Ya sabuni yarudi kwenye sabuni, yasiende kwenye chakula. Yaliyobeba dawa za wadudu msiyaguse kabisa, si kwa kuuza wala kwa kusaga, kwani sumu huingia ndani ya plastiki yenyewe.

ubao_mpya
Swali la mwisho: mteja anataka mabenchi ya nje, mbao za mita 2.

fundi_kalibu
Nje jua litazifanya ziwe kavu na kuvunjika baada ya muda, isipokuwa mkitia masizi meusi ya viwandani, asilimia 2 hadi 2.5, yachanganyike sawasawa kwenye ekstruda (mashine inayoyeyusha na kukanda plastiki). Kuyanyunyizia juu ya chenga hakusaidii. Egemeo za chini ya benchi ziwe karibu-karibu kuliko zile za mbao za mti, maana HDPE huendelea kulegea chini ya uzito. Na matundu ya skrubu yawe marefu, si duara. Mita 2 ikipata tofauti ya nyuzi 30 hurefuka kama milimita 9. Kaza skrubu moja ya katikati, za pembeni ziachiwe nafasi ya kuteleza.