Wauza propela Mtwara, "mashine ya ngapi" haitoshi! Mnatuulia mashine

Wakuu, nina hasira na sitaificha. Hapa Mtwara ukiingia duka la vipuri vya boti kutafuta propela unaulizwa swali moja tu: "Mashine ya ngapi?" Ukijibu 40, yaani nguvu za farasi 40, inashushwa iliyopo, unatajiwa bei, unaambiwa "hii ya spidi hii, chukua." Boti ina urefu gani, hawaulizi. Inabeba watu wangapi, inapakia nini, hawaulizi. Kwao propela ikiingia kwenye shafti na nati ikafunga, kazi imekwisha.

Boti yangu ni ya faiba, futi 26, ya uvuvi. Inatoka Mikindani na vijana sita, nyavu, madumu ya mafuta na maboksi ya barafu. Propela iliyokuja na mashine ilikuwa ya pichi 11. Ilipovunjika bapa (panga moja la propela) kwenye mwamba, nahodha wangu aliibeba mpaka dukani akaiweka mezani. Namba inasomeka! Wakampa 14, wakamhakikishia ni ileile, tena bora zaidi.

Kwa wasiojua: propela ina namba mbili zilizogongwa kwa inchi. Ya kwanza ni upana wa duara lake, ya pili ni pichi, yaani umbali ambao ingesonga mbele kwa mzunguko mmoja kama ingekuwa inaingia kwenye kitu kigumu, mfano skrubu kwenye ubao. Majini haifiki umbali huo maana maji yanateleza, lakini hesabu inaanzia hapo. Pichi kubwa ni mzigo mkubwa kwa mashine kila inapozunguka. Kila inchi moja unayoongeza inapunguza mizunguko kama 150 hadi 200 kwa dakika. Sasa piga hesabu ya inchi tatu.

Kitabu cha mashine yangu kinataka mizunguko 4,500 hadi 5,500 kwa dakika ukiwa umefungua moto wote, yaani mafuta mpaka mwisho. Kwa propela ya zamani, boti ikiwa imepakia, tulikuwa tunasoma kama 5,000. Tulipofunga hiyo "ya spidi" tukaazima kipima mizunguko, kile cha kuzungushia kwenye waya wa plagi: 4,400, haipandi. Omo (mbele ya boti) limeinuka juu, tezi (nyuma) limezama, boti inalima maji wala hailali juu yake. Na huu ni msimu wa kusi! Vijana wanarudi upepo usoni, moto wote umefunguliwa, na mashine inaunguruma kwa kukabwa. Mafuta yanayoteketea hapo ni hela ya chakula cha familia sita, na samaki wanafika soko limeshapoa.

Kilichoniudhi zaidi ni mafundi. Wa kwanza akasema kabureta chafu, akalipwa. Wa pili akasema plagi, tukanunua plagi, zikageuka nyeusi tena. Hakuna aliyeinama kusoma namba kwenye propela! Mashine inayolazimishwa kuvuta mzigo isiouweza inajaza masizi, inapata joto, na mwisho wake ni pistoni. Pistoni ikienda, muuza propela atakuwepo? Nimeirudisha dukani, nikajibiwa "bidhaa ikishauzwa hairudishwi."

Msinielewe vibaya, pichi ndogo nayo inaua. Boti nyepesi ya kubeba watu wawili watatu ukiifunga pichi ndogo mno, mashine inapita 5,500 na kuendelea, inajimaliza yenyewe. Ndiyo maana lazima muulize boti inafanya kazi gani! Pima ikiwa na mzigo wake wa kila siku, fungua moto wote, soma mizunguko. Ikiwa chini, shuka pichi. Ikizidi, panda.

Na wale wanaonyoosha mabapa kwa nyundo juu ya jiwe, acheni. Bapa moja likikaa tofauti na mengine, pichi imeshabadilika, propela inatetemeka, sili za shafti (mipira ya kuzuia maji) zinaachia na maji yanaingia kwenye oili ya gia.

Kilwa Masoko jiwe la msingi la bandari ya uvuvi liliwekwa Septemba 2023, na boti za mkopo zimegawiwa kwa wavuvi. Nafurahi sana. Lakini mvuvi anakabidhiwa boti ya mkopo, propela ikivunjika anarudi kwa hawahawa wa "mashine ya ngapi." Marejesho atalipa na nini? Maofisa uvuvi na viongozi wa BMU (vikundi vya wavuvi vya kusimamia rasilimali za pwani), mnapowakalisha watu kwenye semina, wafundisheni na hili, saa moja inatosha.

Nataka hela yangu irudi, na kesho naenda tena dukani na propela zote mbili. Aliye Mtwara, Lindi au Kilwa akiona pichi 11 ya mashine ya 40, namba ikiwa inasomeka, aandike bei hapa chini. Boti imefungwa pwani.